Uso mweusi mbele ya kamera: mwanga, kitambaa cha merikani na hesabu zake

Chukua tamthilia yoyote iliyopigwa ndani ya nyumba yenye kuta nyeupe, taa moja ya dari, na mhusika mweusi tii aliyeketi kwenye kochi. Shati linaonekana, meno yanaonekana, weupe wa macho unaonekana. Uso wenyewe umekuwa doa. Mhariri akijaribu kuuokoa kwa kuongeza mwanga kwenye kompyuta, doa linageuka kijivu chenye chenga. Baada ya hapo utasikia watu wakisema kamera haipendi weusi. Kauli hiyo inaumiza, na ni ya uongo. Ngozi nyeusi inang'aa, inabeba rangi ya mwanga unaoiangukia, na hupendeza mno kwenye skrini ikimulikwa kwa namna yake. Kinachokosewa ni vipimo, kwa sababu vipimo tulivyorithi vilipangwa kwa uso wa mtu mwingine.

Inafaa kujua vilipangwaje, maana makosa ya leo yanatoka huko. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kusambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Ikaitwa kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha za mwanzo. Fundi alirekebisha mashine mpaka Shirley apendeze; watu wengine wote wakafuata mizani yake. Wazazi weusi waliona picha za shule ambamo mtoto wa Kizungu ana sura kamili na mtoto wao, jirani yake kwenye benchi, ana macho na meno tu. Filamu za Kodak zilipokuja kuboreshwa ili zinase vizuri rangi za kahawia, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha za matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilisubiri hadi miaka ya 1990.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1970 wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Massachusetts waligundua kwamba kamera ya kampuni yao, ID-2, inatumika kupiga picha za pasi ambazo makaburu waliwalazimisha weusi kubeba Afrika Kusini. Kamera hiyo ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya fleshi, kilichofaa nyuso nyeusi zilizotakiwa kuonekana kwa ajili ya kudhibitiwa. Wakaanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni, na mwaka 1977 Polaroid ikaondoka Afrika Kusini. Julie Dash na mpiga picha wake Arthur Jafa, walipotengeneza filamu ya Daughters of the Dust iliyotoka 1991, waliikwepa Kodak wakatumia filamu ya Agfa kwa sababu ilitendea haki ngozi za waigizaji wao.

Kamera za dijitali za leo, hata ya simu ya kawaida, zinaweza kunasa ngozi yoyote. Kilichobaki ni mazoea: kupima kwa otomatiki, taa za bei rahisi, poda nyingi.

Pima uso, usipime chumba

Mafundi huhesabu mwanga kwa stopu. Stopu moja juu ni mwanga mara mbili. Stopu moja chini ni nusu yake. Kipimo cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha kati. Ngozi ya Mzungu hurudisha kama asilimia 35, stopu moja juu ya hapo. Maji ya kunde iko karibu na kijivu chenyewe. Mweusi tii hurudisha asilimia 10 au pungufu, na ukuta uliopakwa chokaa asilimia 80 au zaidi. Piga hesabu: kati ya uso wa Mzungu na ukuta huo kuna stopu moja na kidogo, kati ya uso mweusi tii na ukuta huohuo kuna stopu tatu. Kamera ya otomatiki ikiona ukuta mkubwa mweupe inapunguza mwanga ili ukuta usiungue, na anayelipa ni uso.

Kosa la pili ni kinyume chake, na wengi hawalijui. Ukigusa uso mweusi tii kwenye skrini ya simu ili kamera ipime hapo tu, kamera italazimisha uso huo uwe kijivu cha kati. Ngozi inapanda kuliko ilivyo, inapauka, na mtu aliyekuwa na rangi ya kina anaonekana kama kapakwa majivu. Kwa hiyo: gusa uso, funga kipimo kisibadilike, kisha shusha kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja kamili. Kama mhusika ni maji ya kunde, acha palepale.

Ukiwa na kamera au programu yenye wevufomu, ile grafu inayoonyesha mwanga kutoka 0 ya giza hadi 100 ya weupe, namba za kufanyia kazi ni hizi, kwa picha ya rangi za kawaida za televisheni: upande wenye mwanga wa uso mweusi tii uwe kati ya 30 na 40, upande wa kivuli usishuke chini ya 15, na ile ng'ao ya paji la uso au shavu inaweza kufika 60 bila shida. Maji ya kunde ikae 45 hadi 55. Ukiona mwongozo unaosema kila ngozi iwekwe 70, umeandikwa kwa ajili ya Shirley.

Kwa simu, tumia programu inayokuruhusu kushika kila kitu kwa mkono. Blackmagic Camera ni ya bure. Weka fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) isizidi 400 kama taa zinatosha, na mizani ya weupe, yaani namba ya Kelvini ya rangi ya mwanga, uifunge kwa namba, si otomatiki. Zima kabisa ile kazi ya kupendezesha uso. Inalainisha na kuwapa watu weupe wasiouomba.

Ondoa weupe nyuma, ongeza umbali

Kabla hujawasha taa, angalia nyuma ya mhusika. Kuhamisha kochi mita 2 mbele ya ukuta kunasaidia kuliko kununua taa ya pili, kwa sababu mwanga hupungua kadiri unavyosafiri: taa iliyo mita 1 kutoka usoni na mita 3 kutoka ukutani inamwaga ukutani moja ya tisa tu ya mwanga unaofika usoni. Stopu tatu zilizokuwa zinakusumbua zimekwisha hapo bila senti.

Kama ukuta hauwezi kukwepeka, utandikie pazia la rangi iliyokoza: kijani ya majani, buluu ya bahari, kahawia ya udongo. Mavazi ni hivyohivyo. Shati jeupe pe ndilo adui mkubwa wa uso mweusi kwenye fremu. Maziwa, krimu, haradali, hudhurungi au nyekundu iliyoiva vinafanya kazi. Hadithi ikidai kanzu nyeupe au sare ya muuguzi, ilowekwe kwenye chai ya rangi kwa dakika kumi na tano, isuuzwe, ikaushwe. Machoni itaendelea kuonekana nyeupe, ila kwenye kipimo itakuwa imeshuka.

Mulika kwa uso mkubwa, si kwa taa kali

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ngozi nyepesi huonekana zaidi kwa mwanga unaoingia ndani ya ngozi na kutawanyika. Ngozi nyeusi inameza sehemu kubwa ya mwanga huo, kwa hiyo umbo lake linasomwa kwa kiasi kikubwa kutokana na mng'ao wa juu: ukingo wa shavu, daraja la pua, mfupa wa nyusi. Fikiria meza ya mninga iliyopigwa msasa na vanishi. Ukiimulika kwa tochi, unaona nukta moja kali na giza pembeni. Ukiiweka karibu na dirisha kubwa, unaona meza nzima, na mbao inaonyesha mishipa yake. Uso mweusi ni hivyohivyo. Kuongeza wati kwenye taa ndogo kunakuza nukta, hakuonyeshi uso.

Kinachohitajika basi ni chanzo kikubwa. Ukubwa unaohesabiwa ni ule unaoonwa na uso: kitambaa cha mita 1.5 kilicho mita 1 kutoka kwa mhusika ni chanzo kikubwa. Kitambaa hichohicho mita 5 mbali kimekuwa taa ndogo.

Nunua mita 4 za merikani, ile pamba ghafi isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa na vijinukta vya mbegu. Mafundi wa sinema duniani wanatumia kitambaa cha aina hiyohiyo, kwa sababu mwanga ukidunda juu yake unarudi laini na wenye ujoto kidogo, na ujoto huo unaamsha wekundu na dhahabu iliyo ndani ya ngozi nyeusi. Jina lake kwetu linasema ulikotoka: uliletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne ya 19, umefumwa kwa pamba iliyochumwa na Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani. Kitambaa hicho leo kimulike nyuso zetu. Tunakidai hilo kwa muda mrefu.

Kiwambe kwenye fremu ya mabomba ya plastiki au mirunda miwili iliyonyooka, mita 2 kwa mita 2. Usikiache kikilegea, maana mikunjo inatoa mistari. Kisimamishe upande mmoja wa mhusika, mita 1 hadi 1.5 kutoka usoni, nyuzi 60 hivi kutoka kwenye mstari wa kamera. Taa usiielekeze kwa mtu. Ielekeze kwenye kitambaa, kutoka umbali wa mita 1.5, ijae kitambaa chote isiwe doa la katikati. Taa ya LED ya wati 60 inatosha kwa mtu mmoja ndani ya chumba. Sasa simama nyuma ya kamera umwambie mhusika ageuze kichwa polepole. Utaona ng'ao pana ikitembea shavuni kama mwanga wa alfajiri juu ya maji. Ikifika mahali ambapo umbo la shavu na taya linasomeka lote, simamisha. Weka alama ya miguu yake kwa utepe sakafuni.

Usitumie khanga wala kitenge kudundisha mwanga, kwani rangi zake zinahamia usoni. Shuka lililofuliwa kwa buluu nalo linatupa ubaridi unaoifanya ngozi nyeusi ionekane ya mgonjwa. Bati jipya linarudisha mwanga mwingi sana, lakini mkali na wenye mabaka. Libandike merikani juu yake.

Upande wa pili wa uso weka ubao mweupe wa stairofomu, mita 1 kutoka shavuni. Tofauti kati ya upande wenye mwanga na upande wa kivuli iwe stopu moja hadi moja na nusu kwa mazungumzo ya kawaida, mbili kwa tukio zito. Ikizidi tatu, kwenye ngozi nyeusi upande wa kivuli unapotea kabisa, ingawa kwa ngozi nyeupe bado ungebaki. Wengi hunakili mpangilio wa taa kutoka video za Ulaya na kushangaa kwa nini nusu ya uso haipo; ni stopu hizo.

Mwisho, taa ndogo ya nyuma, juu kidogo ya bega, ichore ukingo wa nywele na shingo. Iwe dhaifu. Nywele nyeusi mbele ya pazia jeusi bila ukingo huo zinameza kichwa kizima.

Watu wawili wa rangi mbili kwenye fremu moja

Dada maji ya kunde na mchumba mweusi tii wameketi pamoja. Ukimpimia mmoja, mwingine anaharibika. Usiongeze mwanga wa chumba kizima. Mweke mwenye ngozi iliyokoza karibu na kitambaa, na mwenye ngozi nyepesi nyuma yake kwa hatua moja. Kama haitoshi, punguza mwanga unaomfikia wa pili kwa kuning'iniza kipande cha chandarua cheusi kati yake na chanzo. Tabaka moja hupunguza kama nusu ya stopu, mbili stopu moja. Upana wa matundu hutofautiana, kwa hiyo pima. Chandarua cheupe kisitumike, kinatawanya mwanga badala ya kuuzuia.

Taa zinazopausha

Balbu za bei rahisi hazina wekundu wa kutosha, na wekundu ndio uhai wa ngozi nyeusi. Kwenye boksi la taa tafuta CRI, namba ya uaminifu wa rangi, ya 95 au zaidi; wakitaja na R9, ndiyo namba ya wekundu uliokolea, iwe juu ya 80. Taa isiyotaja chochote, ijaribu: mulika kiganja na mgongo wa mkono wako bega kwa bega na mwanga wa dirishani. Mgongo wa mkono ukigeuka kijani au kijivu, taa hiyo imulike ukuta, si mtu. Usichanganye pia balbu ya njano ya Kelvini 3200 na mwanga wa mchana wa 5600 kwenye uso mmoja bila sababu. Ng'ao ya kila upande itakuwa na rangi yake, na kwenye ngozi inayong'aa hilo linaonekana haraka.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ofisini zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inaficha mpepeso huo. Ukiona mistari inayotambaa kwenye picha, shata yako iko mahali pengine.

Nje

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua liko utosini, na macho yanazama kwenye mashimo. Hamia kivulini, lakini kivuli chenye uwazi mbele yake. Baraza la nyumba ya zamani ya Lamu au Zanzibar, lenye ukuta wa chokaa ng'ambo ya kichochoro, ni studio iliyo tayari: ukuta uliopigwa na jua unarudisha mwanga mpana usoni, na mlango wa mbao nyuma unabaki mweusi wa kutosha. Mtu akae ukingoni mwa baraza, siyo ndani.

Mwanga wa dhahabu wa jioni huku karibu na ikweta ni mfupi. Jua linashuka karibu wima, na una kama dakika arobaini kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi, kulingana na msimu. Fanya mazoezi yote kabla ya hapo. Piga kwanza picha za karibu za uso, za mbali baadaye; giza likiingia, picha ya mbali yenye anga bado inapatikana, ya uso haipo tena.

Mafuta kabla ya poda

Poda nyeupe isiyo na rangi inaacha majivu. Poda nyingi ya aina yoyote inaua ile ng'ao ambayo umeijengea fremu nzima ya merikani. Safisha uso, paka losheni isiyo na chembe za kumeta, kisha tone moja la mafuta ya nazi lisuguliwe viganjani na kuguswa tu kwenye mifupa ya mashavu, daraja la pua na mabega. Jasho la paji la uso lipunguzwe kwa karatasi laini, usilifute kwa kusugua. Ava Berkofsky, aliyepiga tamthilia ya Insecure ya HBO, alieleza mwaka 2017 kwamba waigizaji wake walipakwa kitu cha kuipa ngozi mng'ao, kisha akaudundisha mwanga ili ngozi iurudishe kwa kamera. Ng'ao ikizidi, kichujio cha polaraiza mbele ya lenzi kinaipunguza. Kizungushe taratibu na usimame mapema, maana kikizungushwa mpaka mwisho ngozi inakuwa kama mkaa. Kinakula pia stopu moja na nusu hadi mbili.

Faundesheni ilinganishwe na shingo na masikio, siyo na ndani ya mkono. Mpambaji akikuletea mwigizaji mwenye uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine, mrudishe kwa upole. Kamera itaonyesha mpaka huo katika kila picha ya pembeni.

Usiku

Kutupa taa ya buluu kila mahali na kuita usiku kunaifanya ngozi nyeusi iwe ya kifo, kwa kuwa buluu inaondoa wekundu wote. Weka mizani ya weupe ya kamera Kelvini 4300, taa ya mbali ya 5600 iwe ndiyo mbalamwezi inayopiga ukuta na majani, kisha uso uupe chanzo chake cha joto: koroboi, jiko, balbu ya njano ya duka. Lowesha ardhi na kuta kwa ndoo ya maji. Kinachong'aa nyuma kinachora umbo la mtu aliye mbele hata ukimwachia giza nusu ya mwili. Mpiga picha Bradford Young katika filamu ya Selma ya 2014 anaacha nyuso nyingi ndani ya vivuli, na bado kila moja inasomeka. Itazame bila sauti, simamisha kwenye picha ya karibu, uangalie ndani ya mboni: utaona umbo la chanzo cha mwanga, ni dirisha au taa, kiko kushoto au kulia, ni kikubwa kiasi gani. Fanya hivyo kwa picha ishirini, na moja baada ya nyingine uzichore kwenye daftari.

Kwenye kompyuta

Usiinue vivuli vya picha nzima. Chenga hukaa vivulini, na simu nyingi hurekodi biti 8, ambazo hazina ngazi za kutosha huko chini. Ukivuta, uso unapasuka mabaka. Kama kamera ina biti 10, rekodi hizo. Inua sehemu za kati tu, na uweke kinyago, yaani eneo ulilolitenga ili marekebisho yasiguse kwingine, kwenye uso peke yake. Kwenye vektaskopu, ile grafu ya rangi, kuna mstari mmoja wa ngozi, na watu wa rangi zote hukaa karibu nao, kwa sababu damu chini ya ngozi ni ileile. Uso ukiwa mbali na mstari kuelekea kijani, rudisha kwa wekundu kidogo kabla ya kugusa mwanga.

Ukimaliza, toa faili, itume kwa WhatsApp kwenye simu ya kawaida, uitazame nje barazani saa saba mchana mwanga wa skrini ukiwa nusu. Kisha iangalie kwenye televisheni ya sebuleni isiyorekebishwa. Kama upande wa kivuli wa uso bado unasomeka kwenye zote mbili, peleka. Usiposomeka, rudi kwenye kinyago cha uso, inua sehemu za kati kwa pointi 3 hadi 5 kwenye wevufomu, toa tena, rudia jaribio.